Édouard Séguin, Mwalimu wa Watoto Walioambiwa Hawafundishiki



Safari hii Mhariri amenikabidhi mimi ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri. Nadhani alitazamia nimlete jemadari, au mvumbuzi wa mitambo, kama walivyofanya walionitangulia. Mimi nawaletea mtu ambaye jina lake hatukupata kulisikia hata mara moja katika miaka yote tuliyolala mabwenini, wala mimi sikulisikia Chuo Kikuu, ingawa nilisomea elimu. Nilikutana nalo kazini. Kama wengi wenu mnavyojua, ninatumika katika idara ya elimu ya halmashauri, na sehemu ya kazi yangu ni kuvizungukia vitengo vya elimu maalumu vilivyomo katika shule za msingi. Katika kitengo kimoja nilimkuta mwalimu ana ubao uliotobolewa mashimo ya maumbo mbalimbali: duara, mraba, nyota, pembetatu. Seremala wa mtaani ndiye aliyeuchonga kwa mabaki ya mninga. Mtoto hupewa vipande na kutafuta kila kimoja kinaingia shimo gani. Nikauliza ubao huo umetoka wapi. Mwalimu, aliyesomea Chuo cha Patandi kule Arusha, akanijibu kwamba asili yake ni Mfaransa mmoja aliyekufa zamani sana, aitwaye Séguin. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma mtu huyo kila nipatapo nafasi.

Édouard Séguin alizaliwa tarehe 20 Januari 1812 katika mji mdogo wa Clamecy, nchini Ufaransa. Watu wa mji ule walijulikana kwa kazi ya kufunga kuni mafungu makubwa na kuyaelekeza mtoni hadi Paris. Baba yake alikuwa daktari. Kijana alisoma Auxerre, kisha Paris, na kama vijana wengi wa kizazi chake akaingiwa na fikra za wafuasi wa Saint-Simon, waliotaka jamii ipangwe upya kwa faida ya tabaka la watu maskini na walio wengi. Msisahau jambo hili. Huyu hakuanza kama mganga aliyevutiwa na ugonjwa wa ajabu. Alianza kama mtu aliyeamini kwamba hakuna mwanadamu wa kuwekwa nje ya ua.

Waliokuwa nje ya ua wakati ule walikuwa wengi. Watoto wenye ulemavu wa akili wa familia maskini za Paris waliishia katika nyumba kubwa mbili, Bicêtre kwa wanaume na Salpêtrière kwa wanawake, wakiwa wamechanganywa na vikongwe wasiojiweza na watu waliorukwa na akili. Neno la kitabibu walilopewa na madaktari wa Kifaransa leo limekuwa tusi katika lugha zote za Ulaya, sawasawa na sisi tunavyotukanana kwa neno zezeta. Esquirol, bingwa mkubwa wa magonjwa ya akili wa siku zile, alikuwa ameandika kwamba hali hiyo si ugonjwa, na kwa kuwa si ugonjwa haiponi, na kwamba mtoto wa namna hiyo atabaki alivyo hadi kufa kwake. Mambo yakaishia hapo. Serikali haikuwa na sababu ya kulipa mwalimu wa kumfundisha mtu asiyefundishika.

Alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa amejaribu. Huyo ni Jean Itard, daktari wa Taasisi ya Viziwi ya Paris. Mwaka 1800 mvulana wa umri wa miaka kama 12 alitoka msituni katika wilaya ya Aveyron, yu uchi, hasemi, anakula mizizi na njugu za porini. Itard alimchukua, akampa jina la Victor, na kwa muda wa miaka kama mitano akahangaika naye, huku Bibi Guérin akimpikia na kumlea. Victor alijifunza kuandaa meza, kutambua maneno yaliyoandikwa, na kumhurumia mlezi wake alipokuwa na majonzi. Kusema hakujifunza. Itard alikata tamaa, akaandika ripoti yake ya mwisho mwaka 1806, akarudi kwa viziwi wake. Victor alibaki kwa Bibi Guérin hadi alipofariki mwaka 1828.

Sasa ikafika mwaka 1837. Itard ni mzee, mgonjwa, karibu na kaburi. Akaombwa amtazame mtoto mwingine, mvulana asiyesema. Nguvu hana tena, akamtaja Séguin, kijana wa miaka 25, naye akamwelekeza kila hatua kutoka kitandani kwake. Itard alipofariki mwaka 1838, Esquirol akashika nafasi ya usimamizi. Hapo ndipo pana jambo ninalolipenda kuliko mengine yote katika habari hii. Baada ya miezi 14 kazi ile ilichapishwa katika kijitabu, mwaka 1839, na mtoto aliyekuwa karibu bubu alikuwa anasema, anaandika na anahesabu kiasi chake. Aliyeweka jina lake pamoja na la Séguin kuthibitisha hayo ni Esquirol, yuleyule aliyekuwa ameandika kwamba haiwezekani. Ni wakubwa wachache wa ofisi ninaowajua ambao wangekubali.

Alifanyaje? Itard alikuwa amefikiri kwamba mtoto hana kitu kichwani kwa sababu hajapata kuishi na watu, hivyo akajaribu kumjaza. Séguin aligeuza mambo. Alisema kwamba tusianze na kichwa, tuanze na mwili. Kwanza misuli: kusimama, kutembea, kushika, kuachia. Halafu milango ya fahamu, akitanguliza mguso, kwa kuwa aliuona ndio mama wa mingine yote. Kisha ndipo yaje majina ya vitu, maumbo, herufi, hesabu, na mwisho kabisa fikra. Na katika yote hayo alikuwa anatafuta kitu kimoja, nia ya mtoto mwenyewe. Aliona kwamba kilichokosekana hasa ni ule utashi wa kutaka kitu na kukifuata, na kwamba mwalimu hana budi kuutoa utashi huo ulikojificha, siku baada ya siku, hata kama mtoto anakataa.

Mtasema haya ni maneno. Basi tazameni kazi yake. Walikuwepo watoto ambao mikono yao haikushika kitu chochote. Ukiwapa kijiko kinaanguka. Séguin hakuwapa vijiko. Aliwapandisha ngazi ya mbao iliyoegemezwa, yeye akiwa nyuma yao, viganja vyake vimefunika viganja vyao juu ya kipago, kiasi kwamba mtoto anaona asiposhika ataanguka. Akashika, kwanza kwa woga. Baada ya siku nyingi akashika kwa kuwa mkono umejua kazi yake. Ndipo kijiko kikaja. Walikuwepo pia wa kupanda bembea, wa kubeba vyuma vyepesi, wa kufunga vifungo na kamba za viatu, na wa kulinganisha vipande vya mbao na mashimo yake. Ule ubao wa mninga niliousema unaanzia hapo.

Alisimulia katika kitabu chake habari ya mtoto mmoja ambaye macho yake hayakutulia mahali popote. Hakuwa kipofu, lakini hakumtazama mtu wala kitu. Alimtambua mwalimu wake kwa kumpapasa. Séguin alikaa naye chumbani akiyafuata macho yale kwa macho yake, kama mtu anayewinda ndege, kwa muda wa miezi minne. Siku ambayo macho yao yalikutana kwa mara ya kwanza, mtoto alipiga ukelele mkubwa akakimbia. Kesho yake, badala ya kumpapasa kama ilivyokuwa desturi, alimtazama, na ilionekana kana kwamba ndiyo siku ya kwanza kumwona.

Miezi minne kwa jicho kutazama! Mwenzetu yeyote aliyepata kujaza taarifa ya robo mwaka atajiuliza kazi hiyo ingeandikwa katika safu ipi. Hakuna mtihani uliofanywa, hakuna asilimia iliyopanda. Ninapopita katika vitengo vyetu naona walimu walio katika hali hiyohiyo. Mwalimu amekaa muhula mzima na mtoto mmoja hadi ameweza kuvaa shati lake na kufunga vifungo, na mkaguzi anauliza wangapi wanajua kusoma.

Hayo pia Séguin aliyapata. Mwaka 1841 wakuu wa hospitali za Paris walimpa kikundi cha watoto awafundishe, na mwaka uliofuata akahamishiwa nao Bicêtre. Cheo chake kilikuwa cha mwalimu tu, maana shahada ya udaktari hakuwa nayo, na madaktari wa pale hawakufurahi kuona kijana asiye na shahada akiwapangia watoto muda wa kulala, chakula, na nani awaguse na nani asiwaguse. Yeye naye hakuwa mtu wa maneno laini. Wote waliomwandika wanakubali kwamba alikuwa mwepesi wa hasira na mzito wa kusamehe. Mwishoni mwa mwaka 1843 kamati ya Akademia ya Sayansi ilichunguza kazi yake na kuisifu sana. Karibu wakati uleule, mwezi haujaisha, uongozi ukamfukuza kazi. Akawa na sifa za wataalamu wakuu wa nchi mkononi, na watoto hana.

Hakurudi tena hospitalini. Alifungua shule yake ndogo mwenyewe mjini Paris, na mwaka 1846 akatoa kitabu kikubwa cha zaidi ya kurasa 600 juu ya matunzo na elimu ya watoto hao. Kitabu hicho kilivuka mipaka upesi. Papa Pio wa Tisa alimwandikia barua ya shukrani. Wageni kutoka Uingereza na Marekani walikwenda kutazama alichoanzisha. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1848, ambayo Séguin aliyaunga mkono kwa moyo wote, na baada yake utawala wa Louis Napoleon, ambao mtu wa fikra zake hakuwa na raha nao. Mwaka 1850, akiwa na mke na mtoto mdogo wa kiume, alipanda meli kwenda Marekani.

Huko alikuta njia imekwisha kufunguliwa kwa sehemu na kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1848 daktari kijana, Hervey Wilbur, alikuwa ameanza kufundisha watoto wachache nyumbani kwake katika mji wa Barre, Massachusetts. Mwaka huohuo Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya vipofu ya Boston, aliwashawishi wabunge wa jimbo watoe dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kufundisha watoto 10 wa maskini kwa majaribio. Séguin alikaribishwa na wote. Alifanya kazi kwa muda na Howe, akawa karibu na Wilbur katika shule ya jimbo la New York iliyoanzia Albany na kuhamia Syracuse, akashika kwa muda mfupi shule ya Pennsylvania. Hakukaa popote muda mrefu. Alitibu wagonjwa wa kawaida Ohio ili ale. Mwaka 1861, akiwa na miaka 49, hatimaye akapata shahada ya udaktari mjini New York, ile ambayo kukosa kwake kulimgharimu Bicêtre.

Mwaka 1866 alitoa kitabu chake cha pili kikubwa, safari hii kwa Kiingereza, na ndani yake njia yake yote ikaelezwa kwa mpango ulio bora kuliko cha kwanza. Niseme hapa kwamba hakuwa mtu wa jambo moja tu. Mwaka 1873 aliandika kitabu cha kuwafundisha akina mama na wauguzi kupima homa ya mtoto kwa kipimajoto, na akapigania kwa miaka kwamba chombo hicho kisiwe mali ya daktari peke yake. Mwaka huohuo Marekani ilimtuma kwenye Maonyesho ya Vienna akachunguze elimu. Kwa hiyo mama wa Kinondoni au Kisumu anayemwekea mwanawe kipimajoto kwapani usiku wa manane anafanya jambo ambalo mzee huyu alilipigania. Ikumbukwe tu.

Mwezi Juni 1876 wakuu wa shule za watoto hao walikutana Elwyn, Pennsylvania, wakaunda chama chao, na Séguin akachaguliwa rais wa kwanza. Chama kingali hai hadi leo, ingawa jina kimelibadili mara kadhaa, kila neno la zamani lilipogeuka kuwa tusi. Lakini katika shule zenyewe mambo yalikuwa yameanza kwenda upande. Zilianzishwa ziwe shule, yaani mtoto aingie, afundishwe, arudi kwao. Wazazi wakaanza kuleta watoto na kutorudi. Majimbo yakaona ni nafuu kuweka wengi pamoja shambani, mbali na mji. Howe alikwisha kuonya juu ya hatari hiyo mwaka 1866, alipohutubia wakati wa kuweka jiwe la msingi la shule ya vipofu huko Batavia, New York: alipinga kukusanya watu wenye kasoro moja katika majumba makubwa. Hakusikilizwa. Watoto 10 wakawa mamia, na baada ya Séguin kufa wakawa maelfu, na wengi wao hawakufundishwa chochote, walilindwa tu. Mwaka 1907 jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu. Hapo ndipo palipofikia kazi iliyoanza na macho mawili kutafutana kwa miezi minne.

Ubao nao ulipatwa na yake. Séguin aliutengeneza uwe somo, mtoto akosee, ajaribu, akosee, aweze. Mwanzoni mwa karne ya 20, Henry Goddard wa Vineland, New Jersey, aliushika na saa mkononi akaugeuza mtihani: sekunde ngapi, makosa mangapi, basi wewe ni wa daraja fulani. Mbao za aina hiyo zilipelekwa hata kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York, kupima akili za wahamiaji wa Ulaya waliotaka kuingia nchini. Aliyeubuni alikuwa mwenyewe mhamiaji, ameshuka melini katika nchi ile na lugha si yake.

Ninaeleza haya kwa sababu swali hilo linanijia mezani kila Januari, wakati wa kuandikisha darasa la kwanza. Huja mama, aghalabu peke yake, mtoto amembeba mgongoni ingawa ana miaka minane. Ameambiwa na majirani kwamba ni laana, na na ndugu wa mume kwamba ni upande wake. Hunitazama na kuuliza kama mwanawe atafundishika. Nikimpeleka kitengoni, yako mambo mawili yanayoweza kumpata mtoto pale mlangoni. Anaweza kupimwa ili ijulikane hawezi nini, au anaweza kukalishwa chini na kupewa kipande cha duara na shimo lake. Ubao ni uleule. Walimu wetu wengi, wakiwa na darasa la watoto wa kila namna na mshahara mnauelewa, huchagua la pili, na nimeona watoto wakitoka pale wanajua kununua chumvi dukani na kurudi na chenji sahihi.

Séguin mwenyewe alirudi mwanzo kabla hajafa. Mwaka 1880, ana miaka 68, alifungua pamoja na mke wake wa pili, Elsie Mead, shule ndogo mjini New York, ya watoto wachache kama ile ya Paris. Alifariki tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo. Mkewe aliiendeleza, akaihamishia Orange, New Jersey. Mwanawe Edward alikuwa ameshakuwa daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu.

Mjini Paris kazi yake ilifufuliwa na daktari Bourneville, aliyekabidhiwa watoto wa Bicêtre mwaka 1879. Karibu na mwisho wa karne akafika kijana wa kike, daktari kutoka Roma, jina lake Maria Montessori, ambaye alikuwa amewaona watoto wa aina hiyo wamefungiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili za mji wake. Huyu jina lake mnalijua, maana shule za awali za Montessori zipo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, na pengine wajukuu wa baadhi yenu wamo. Bicêtre aliona vifaa vya Séguin vipo, lakini akasema walimu hawafuati njia yake. Akarudi Roma, akavitafsiri kwa Kitaliano vitabu vya Itard na Séguin na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko mzuri, zile kurasa 600 na zaidi, apate nafasi ya kulitafakari kila neno. Wanafunzi wake wa Roma walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa kawaida, wakafaulu. Ndipo akajiuliza watoto wa kawaida wanacheleweshwa na nini, na tarehe 6 Januari 1907 akafungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, kwa vifaa ambavyo vingi vilitokana na vya Séguin.

Kile kitabu cha pili, cha mwaka 1866, alikitafuta Paris hakukipata, akaambiwa Uingereza nako hakipo. Kilimfikia baada ya miaka, nakala moja kuukuu iliyotumwa kutoka New York. Ilikuwa imeokotwa miongoni mwa vitabu vilivyoondolewa katika maktaba ya daktari mmoja.